Gunia la Mtongwe

Sajini Boga aliutazama ule ubao kwa muda mrefu, hata Chengo, karani wa banda la Changamwe, akaanza kuuonea huruma.

"Bwana Sajini, ukizidi kuukodolea macho utakiri makosa ambayo haukuyafanya."

"Wapo waliokiri kwa kutazamwa tu," Boga akasema. "Hebu nieleze unavyofanya kazi. Nieleze kama vile mimi ni mjinga."

"Kama vile?" Chengo akauliza.

Boga akacheka. Alikuwa mtu wa Rabai, mpana, na jina lake lilikuwa limekwisha chekwa na kila mwenye meno kuanzia Miritini hadi Likoni. Aliwaachia wacheke. Mtu akicheka huusahau ulimi wake, na kazi ya Sajini Boga ilikuwa kuokota ndimi zilizosahauliwa.

Ubao ulikuwa umejaa misumari, na kila msumari ulining'iniza kibao cha bati chenye maneno mawili. Kibao kimoja kilisema UTANGE – KISAUNI. Kingine kilisema MTONGWE – LIKONI. Chini kabisa kulikuwa na kibao kikubwa kuliko vyote: KWINGINEKO – KISIWANI.

"Neno la kwanza ni mahali kifurushi kinapokwenda," Chengo akasema. "La pili ni banda ninalokikabidhi. Nikipata kifurushi cha Utange, natazama: Utange, mpe Kisauni. Nakitia gunia la Kisauni, napiga mhuri, lori linachukua. Basi."

"Na Kisauni wakishakipokea?"

"Wana ubao wao."

"Unasemaje huo ubao wao?"

"Sijui, sijapata kuuona. Habari za Kisauni kaziulizie Kisauni."

"Na mahali ambapo hapana kibao chake?"

"Kwingineko. Nakirusha Kisiwani, watajua wenyewe. Hata ukiniletea kifurushi cha Bombei, mimi nimekwisha."

Boga akakuna shingo. "Sasa tuseme njia imefungika. Daraja, kwa mfano."

"Lilifungwa mwaka juzi, likitengenezwa. Ubao ukasema Kisauni, nikapeleka Kisauni. Magunia yakafika darajani yakakaa. Kesho yake nikapeleka mengine. Mbuzi wa watu wakapata mahali pa kulala, magunia laini hayo, na mimi napeleka tu."

"Hukuwaza kuyapitisha njia nyingine?"

"Kibao kilikuwa bado kinaning'inia, Bwana Sajini. Kibao hakijui kama daraja limefungwa. Mwenye kukigeuza ni mkaguzi wa njia peke yake, Bwana Faki. Mimi nikikigusa, kesho utanikuta nauza mahamri."

Ndiyo ilivyokuwa kazi ya Kampuni ya Bahabara, iliyobeba vifurushi vya watu kutoka gari la moshi hadi bara zote tatu za Mombasa. Na ndiyo iliyompotezea Bi Mwanarusi bint Bakari usingizi. Wakili wake wa Nairobi alikuwa ameikagua hati ya shamba lake la Mtongwe, akaitia katika bahasha ya kitambaa yenye lakiri nyekundu, akairudisha kwa Bahabara. Kesi ilikuwa Alhamisi, mbele ya Bwana Mudiri. Mwinyihaji, tajiri wa maduka na maghala, alikuwa akidai kwamba shamba hilo liliuzwa zamani kwa baba yake. Bi Mwanarusi asiposimama na hati yake mkononi, minazi, kisima na kaburi la mumewe vingekuwa vya Mwinyihaji kabla ya adhuhuri. Na leo ilikuwa Jumanne.

Hati haikufika. Bwana Faki mwenyewe alikwenda kituo cha polisi, kanzu imepigwa pasi ikasimama, akatoa taarifa kwamba gunia la Mtongwe limeibwa baina ya Changamwe na Likoni. Mwenye kuendesha lori la njia hiyo ni Ruwa. Basi Ruwa yuko rumande, analala sakafuni na kuapa kwa majina ya babu zake wote.

"Haya," Boga akasema. "Lile gunia la Mtongwe ulimkabidhi Ruwa kwa mkono wako?"

Chengo akamtazama kama mtu aliyeulizwa habari za pembe za kuku.

"Gunia gani la Mtongwe?"

"Lililoibwa."

"Bwana Sajini, hapa hakuna gunia la Mtongwe, na halijapata kuwapo. Gunia huitwa kwa banda linalofuata, haliitwi kwa kilichomo ndani. Vya Mtongwe nilivitia gunia la Likoni. Hata kuku wa hapa bandani wanajua hivyo."

Boga akawaza. Karani wa Changamwe anajua hivyo, kuku wanajua hivyo. Na mkaguzi aliyezitunga njia zote hizo, akavitundika vibao vyote hivyo kwa mkono wake, alifika kituoni na kulitaja gunia lisilokuwapo duniani.

"Asante, ndugu yangu," akasema, akavaa kofia.

*

Banda la Likoni lilikuwa juu kidogo ya kivuko, na mbele yake palikuwa na benchi. Juu ya benchi aliketi Bi Mwanarusi, kanga mbili na mkoba wa ukili, amekaa kama mtu aliyekuja na nyumba yake. Alikuja kila siku akakaa hapo akisubiri.

"Shikamoo, Bibi," Boga akasema.

"Marahaba. Umeipata?"

"Naitafuta."

"Hata mimi naitafuta, na sikuvaa kofia."

Boga akapita ndani. Karani wa Likoni aliitwa Margaret, msichana wa Kaloleni, mwembamba, mwenye kupiga mhuri kana kwamba kila kifurushi kimemtukana.

"Nilishawaambia," akasema kabla hajaulizwa. "Konstebo wenu alikuja akaniuliza: umepokea gunia la Mtongwe? Nikamjibu: sikupokea gunia la Mtongwe. Akaandika, akaenda zake kunywa madafu."

"Ulisema kweli. Nami nitakuuliza vingine. Umepata kuona bahasha ya kitambaa, yenye lakiri nyekundu?"

"Ile? Imepita asubuhi hii."

Nje, benchi lililia. Boga akausukuma mlango kwa mguu, ukajifunga polepole.

"Imepita kwenda wapi?"

Margaret akageuka. Alinyoosha mhuri wake kuelekea ubaoni. Ubao wa Likoni ulikuwa mdogo kuliko wa Changamwe, na chumvi ya bahari ilikuwa imevila vibao vyake vikawa rangi ya tambuu. KUSINI KOTE – BAISKELI. KWINGINEKO – KISIWANI. Na baina ya hivyo, kimoja kinachong'aa kama sufuria ya bibi harusi: MTONGWE – CHANGAMWE.

"Dada Margaret, Mtongwe si iko hapo nyuma tu? Mtu mwenye miguu mizima si anafika bila kupumzika?"

"Anafika."

"Na bahasha ya Mtongwe unaivusha maji kuirudisha Changamwe?"

"Mimi? Ubao ndio unaoirudisha."

"Na jana?"

"Jana pia ilipita."

"Na juzi?"

"Sajini, kazi yangu ni kuzipiga mhuri. Sizipigii soga. Niliona ya kwamba inarudi, ndiyo. Nikasema, labda Changamwe wana sababu zao."

Na Changamwe, Boga akawaza, Chengo naye anasema labda Likoni wana sababu zao. Huyu ampa yule, yule ampa huyu, kila mmoja afuata ubao wake, na wote wawili wana haki.

"Hiki kibao kipya kililetwa lini?"

"Bwana Faki alikitundika mwezi huu huu. Akasema mashua ya Port Reitz itaanza tena kwenda Mtongwe, kwa hivyo vya Mtongwe virudi vipitie upande ule."

"Mashua imeanza?"

"Mimi niko Likoni. Port Reitz niione kwa darubini gani?"

"Kabla ya hapo vya Mtongwe vilikwendaje?"

"Vilikuwa humo humo katika Kusini Kote. Baiskeli ilivichukua, jioni vimefika."

"Lakini Kusini Kote bado kipo, na Mtongwe ni kusini. Mbona husemi kichukuliwe na baiskeli?"

"Kwa sababu kipo kibao kilichoitaja Mtongwe kwa jina lake." Margaret akamtazama kwa subira ya mwalimu wa darasa la kwanza. "Mama yako akisema watoto wote wakalale, kisha akasema Boga aje hapa, wewe utalala?"

"Nisingelala hata bila kuitwa," Boga akasema.

Alitoka nje. Bi Mwanarusi alikuwa amesimama wima, kanga ya juu imeanguka begani.

"Nimesikia. Imepita asubuhi. Imepita hapa, mbele ya pua yangu, ndani ya gunia!"

"Bibi, keti kwanza. Hati iko hai."

"Kama iko hai, nipe."

"Siwezi kukupa leo."

"Wallahi, polisi gani wewe? Waliokupa jina walikuona mbali!"

Boga akaketi kwanza yeye, na benchi likalalamika upya. Akamweleza kwa sauti ya chini. Bahasha haikuibwa. Inakwenda Changamwe, Changamwe inairudisha Likoni, Likoni inairudisha Changamwe, kama watoto wanaorushiana mpira. Hakuna aliyeiba kitu. Polisi wapekue nyumba zote za bara, hawataiona, kwa kuwa haikai nyumbani kwa mtu. Ikishapita Alhamisi, kibao kitageuzwa kimyakimya, bahasha itafika mlangoni mwa Bi Mwanarusi salama salimini, na mtu atasema: samahani, mama, palikuwa na kosa la njia.

"Na shamba limekwenda," Bi Mwanarusi akasema.

"Na shamba limekwenda. Na hakuna wa kufungwa, kwani kusahau si wizi. Nikiichomoa bahasha leo, atasema nilisahau kugeuza kibao cha Changamwe kielekee kwenye mashua, astaghfirullahi, uzee huu. Na Jumatatu atatunga njia nyingine ya kumzungusha mwingine."

"Nani huyo?"

"Hilo silisemi mpaka nilijue. Niambie, Bibi, Mwinyihaji ana mtu wake katika kampuni hii?"

Bi Mwanarusi akafikiri. "Alimwoza binti yake kwa mkubwa fulani wa huko Port Reitz, baada ya Idi. Nilikwenda harusini, hatujawa maadui bado. Nikala biriani. Lakini bwana harusi sikumwona. Wanaume walikuwa upande wao na sisi upande wetu."

"Jina lake?"

"Nilikwenda kula, mwanangu, sikwenda kuhesabu watu majina."

Boga akainuka. "Kesho nitakuja kwako Mtongwe mchana. Atakayekuja mlangoni na kifurushi, mpokee kwa adabu, usimwambie niko ndani."

"Kifurushi cha nini?"

"Cha kwako. Natuma sasa hivi."

*

Kabla ya kupanda kivuko, Sajini Boga alipita sokoni akanunua papa mkavu. Hakutaka papa mzuri. Alimwomba mchuuzi yule aliyekaa chini kabisa ya tenga, ambaye hata nzi walikuwa wakimfikiria mara mbili. Akamfunga kwa magazeti, akamshonea kitambaa, akaandika juu: BI MWANARUSI BINT BAKARI, MTONGWE. Katika kivuko abiria walimpisha kana kwamba yeye ni Gavana.

"Bwana Sajini," Chengo akasema huko Changamwe, pua imejikunja, "kuna maiti humu?"

"Ni zawadi. Ipige mhuri, uitie gunia linaloihusu."

Mhuri ukalia. Kifurushi kikaingia gunia la Likoni.

Ofisi ya Bwana Faki ilikuwa Port Reitz, ukumbi wake umeelekea kwenye maji. Boga alipokuwa akipanda ngazi aliiona mashua ya kampuni, ile iliyosemekana itaanza tena safari. Ilikuwa imelala mchangani ubavu mmoja, na ndani yake kuku ameatamia mayai. Kuku yule hakuonyesha dalili za kuhama.

"Starehe, Sajini, starehe!" Bwana Faki akasema. Alikuwa mtu wa makamo, ndevu zimekatwa kwa uangalifu, na mikono isiyojua jembe. Kahawa ikaletwa, na kaimati ndani ya sahani ya kigae.

"Tamu," Boga akasema, ya pili ikiwa mdomoni. "Nyumbani?"

"Mke wangu."

"Mkono wa mtu wa wapi huo?"

"Wa hapa hapa," Faki akasema, akamimina kahawa ambayo kikombe hakikuihitaji. "Je, yule mwizi amekiri?"

"Ruwa? Anaapa tu. Ananichosha. Nataka nimfungulie mashtaka, lakini mkubwa wangu Mzungu ni mtu wa mashaka. Ananiuliza: una hakika gani kwamba njia yenyewe ni nzima? Labda gunia halikuibwa, limepotea tu?"

"Njia zangu ni nzima. Nimezipanga mwenyewe."

"Ndivyo nilivyomwambia! Basi ili kumnyamazisha, nimetuma kifurushi cha majaribio. Kidogo tu, cha kwenda kwa Bi Mwanarusi huko Mtongwe. Nimekikabidhi Changamwe sasa hivi."

Mkono wa Faki ukasimama na birika hewani.

"Kikifika," Boga akaendelea, akijipangusa sukari, "njia ni nzima, mwizi ni Ruwa, nami nakwenda zangu. Kisipofika, ah, itanibidi niende kila banda nivitazame hivi vibao vyenu kimoja kimoja. Na mimi, Bwana Faki, vibao vinanipa usingizi."

"Hapana haja ya taabu hiyo. Kitafika, inshallah."

"Kesho?"

"Inshallah kesho."

"Haya. Na mashua ile, itaanza lini?"

"Mashua ipi?"

"Ile yenye kuku."

Faki akacheka, lakini kicheko kilitoka peke yake bila macho. "Karibuni. Karibuni tu."

Boga akachukua kaimati moja ya njiani, akaaga.

*

Nyumba ya Bi Mwanarusi ilikuwa katikati ya minazi yake, na kutoka uani kisima kilionekana, na nyuma ya kisima kaburi lililozungushiwa mawe ya matumbawe. Jumatano hiyo Boga alikaa ndani, nyuma ya pazia, akila muhogo wa nazi. Bi Mwanarusi alikaa barazani akisuka ukili, na kila baada ya kitambo akageuza kichwa kuelekea pazia.

"Kitafika kweli?"

"Bibi, kwa njia ya vibao hakiwezi kufika. Hata kikizunguka mpaka uhuru uje na upitwe na wajukuu zetu."

"Sasa tunangoja nini?"

"Tunangoja kifike."

"Mtoto huyu ana wazimu," Bi Mwanarusi akaiambia minazi yake.

Kilifika baada ya sala ya adhuhuri. Bwana Faki alipanda kutoka ufukweni, ambako mvuvi alikuwa amemvusha. Kanzu yake ilikuwa nyeupe pepepe, na kifurushi alikishika mbali na mwili kwa vidole viwili, kama mtu aliyepewa mtoto wa watu aliyejichafua.

"Salaam aleikum, mama. Bahabara. Mzigo wako."

"Wa aleikum salaam. Kumbe leo mzigo unaletwa na watu wakubwa! Na ile baiskeli?"

"Kwa heshima yako, mama. Baada ya usumbufu ulioupata."

"Karibu ukae."

"Nina haraka."

"Kahawa ndiyo hiyo inachemka," Sajini Boga akasema, akilifungua pazia. "Bwana Faki, umetufaa! Kimefika!"

Faki aligeuka. Tabasamu lake lilipotea kwa kipindi cha kupepesa macho. Kisha tabasamu likarudi mahali pake.

"Nilikuahidi."

"Uliniahidi. Kimefika kwa njia gani?"

"Kwa njia yake. Changamwe, Likoni, Mtongwe."

"Lakini umetoka ufukweni. Likoni iko upande ule."

Faki akakohoa. "Nitasema kweli, Sajini. Kilikuwa kinanuka. Makarani walilalamika. Nikaona aibu ya kampuni, nikakichukua mwenyewe bandani Changamwe, nikavuka nacho. Ni kosa kumhudumia mteja?"

Lilikuwa jibu zuri. Bi Mwanarusi mwenyewe alitikisa kichwa kidogo, kwa kuwa harufu ilikuwa imekwisha ingia nyumbani na kukaa.

"Si kosa," Boga akasema. "Ulikichukua jana, basi, nilipokiacha tu?"

"Jana ile ile. Mara ulipoondoka."

"Nipe nikione."

Alikipokea, akakiinua kwenye mwanga, pua ameifunga kwa mkono wa pili. Akamwonyesha Bi Mwanarusi. "Bibi, macho yako mazima. Huu ni mhuri gani?"

"Changamwe."

"Na huu?"

"Likoni."

"Na huu hapa, umepigwa upande?"

Bi Mwanarusi akasogea. "Changamwe tena."

"Changamwe tena," Boga akasema. "Hukukichukua jana, Bwana Faki. Jana kiliondoka. Kilikwenda Likoni, Margaret akakipiga mhuri wake kwa hasira, ubao wake ukakirudisha, na leo asubuhi kikaingia Changamwe kwa mara ya pili. Hapo ndipo ulipokichukua. Ulikuwa ukikingoja mahali kinaporudi."

"Ni bahati tu. Nilipita nikakikuta. Na ikiwa kulikuwa na kosa la vibao, basi ni kusahau. Nilikusudia kukigeuza kile cha Changamwe pia, nikapitiwa. Mtu hupitiwa!"

"Mtu hupitiwa, ndiyo. Lakini aliyepitiwa hajui pa kwenda kungoja." Boga alikiweka kifurushi juu ya ukuta wa baraza, taratibu. "Tuseme hata hivyo ni bahati. Umeingia bandani, umekuta cha Mtongwe kimerudi. Wewe ni mkaguzi wa njia. Papo hapo ungeona: kumbe vibao vyangu vinarushiana! Na ubao uko ukutani, mkono wako unafika. Ungekigeuza kibao pale pale. Umefanya nini? Umebeba papa. Kibao umekiacha."

Faki akafuta vidole vyake kwa leso.

"Na ndani ya gunia lile lile, ubavuni mwa papa, palikuwa na bahasha yenye lakiri nyekundu. Bahasha ambayo wewe mwenyewe umemtia Ruwa ndani kwa ajili yake. Papa umembeba. Bahasha umeiacha izunguke."

"Una ushahidi gani kwamba ilikuwamo?"

"Nilikuwa sina," Boga akasema. "Ndiyo sababu nilichagua papa yule. Tutakwenda kuinusa."

Bi Mwanarusi alikuwa ameacha ukili. Alikuwa akimtazama Faki kuanzia kofia hadi viatu, kama mtu anayekumbuka ladha.

"Mwanangu," akasema polepole, "mkeo ni yule binti wa Mwinyihaji?"

Faki akatazama minazi.

"Biriani yenu ilikuwa na chumvi nyingi," Bi Mwanarusi akasema.

"Nilikuja kukuletea mzigo wako, mama, na haya ndiyo malipo?"

"Ungekuja mikono mitupu," Boga akamwambia, akizitoa pingu, "ningekuwa bado napekua vibanda. Kilichokuponza ni kufika kwa mzigo."

*

Alasiri ile walisimama wote watatu ndani ya banda la Likoni, na Margaret alikuwa amekunja mikono.

"Kibao sikigusi," akasema. "Mwenye ruhusa ni mkaguzi wa njia."

"Mkaguzi ndiye huyu. Ana pingu."

"Sheria haikusema mikono yake iwe vipi."

Basi Bwana Faki, pingu zikilia kama bangili za ngoma, akakiinua kile kibao kipya kutoka msumarini kwa mikono miwili. Boga akakipokea, akakitia mfukoni.

Lori likafika. Gunia la Likoni likatupwa chini, na kabla kamba haijafunguliwa watu wote wakarudi nyuma hatua moja. Margaret akachutama, akachomoa bahasha ya kitambaa. Lakiri yake nyekundu ilikuwa nzima. Kitambaa chenyewe hakikuonekana tena, kwa kuwa mihuri ya Changamwe na Likoni ilikuwa imepandana juu yake hadi ikawa buluu kama kanga ya kisutu iliyokosewa rangi. Na ilinuka shombo la kumwamsha mgonjwa.

Boga akamtazama Faki. "Unanusa ililala ubavuni mwa nani?"

Bi Mwanarusi akanyoosha mkono. Margaret akairudisha bahasha kifuani.

"Ngoja, Bibi. Mtongwe." Akautazama ubao, kana kwamba hakuwahi kuuona. "Haikutajwa kwa jina. Basi ni Kusini Kote." Akapiga mhuri wa mwisho, akamkabidhi mtu wa baiskeli aliyekuwa ameegemea mlango. Mtu wa baiskeli akaipokea, akageuka, akapiga hatua mbili, akamkabidhi Bi Mwanarusi.

"Sasa imefika," Margaret akasema.

Alhamisi asubuhi Ruwa, aliyekwisha achiwa, ndiye aliyempeleka Bi Mwanarusi mahakamani kwa lori, ndevu za rumande bado usoni, akipiga honi ovyo kwa raha. Sajini Boga alisimama nyuma kabisa ya chumba cha kesi, karibu na dirisha, kwa sababu alizozijua. Mwinyihaji alikuwa mbele, amejifukiza udi, na kiti cha mkwewe kando yake kilikuwa kitupu.

Bwana Mudiri aliingia, akakaa, akafungua faili. Akasita. Akainua uso, pua mbele, akawatazama watu safu kwa safu.

"Nani," akauliza, "ameleta samaki katika mahakama yangu?"

Bi Mwanarusi akasimama, bahasha mkononi.

"Si samaki, Bwana Mudiri," akasema. "Ni shamba langu."